Somo: Kuchagua gundi ya maboksi kulingana na uso wa karatasi

Wakuu, boksi likiachia, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Mara nyingi gundi ni nzima, ila imepakwa kwenye karatasi isiyoipokea. Somo hili ni kwa wenye karakana za maboksi ya mawimbi, yaani yenye karatasi iliyokunjwa mawimbi katikati ya karatasi mbili bapa: ya parachichi, maua, sabuni na kadhalika.

Hatua ya 1: Pima karatasi kwanza

Chukua kipande cha karatasi, dondoshea tone la maji kwenye uso ule ule utakaobandikwa, kisha tazama saa. Karatasi ya makaratasi chakavu kwa kawaida hulinywa upesi. Krafti ya nyuzi mpya za mbao hunywa taratibu. Uso wenye vanishi au nta haunywi kitu, tone linabaki limesimama. Viwandani kipimo hiki huitwa Cobb: gramu za maji zinazonyonywa na mita moja ya mraba, mara nyingi kwa sekunde 60 au 120. Mdai muuzaji wako namba hiyo, asikwambie tu "karatasi ni nzuri".

Hatua ya 2: Kubandika mawimbi

Hapa mfalme ni wanga wa mahindi. Sehemu ndogo hupikwa kabisa, nyingine huachwa mbichi ikielea humo, halafu joto la rola linauivisha ukiwa tayari kwenye ncha za mawimbi. Kostiki soda hushusha joto la kuiva, boraksi huongeza unataji. (Kostiki huunguza ngozi na macho. Vaa glovu na miwani, na utie kostiki kwenye maji. Usimwage maji juu ya kostiki.)

Sasa sikiliza vizuri. Karatasi yenye kiu hunyonya maji ya gundi kabla wanga haujaiva. Wanga uliokosa maji hauvimbi, kwa hiyo ukibandua unakuta mstari mweupe wa unga. Wengi hukimbilia kuongeza maji, na gundi inazidi kuzama. Kinachotakiwa ni gundi nzito inayoshika maji yake, yaani ongeza ile sehemu iliyopikwa. Karatasi ngumu, isiyonyonya upesi, ni kinyume: ipashe moto kabla haijafika kwenye gundi na upunguze mwendo wa mashine.

Hatua ya 3: Ulimi wa boksi

Ulimi ni ile pindo nyembamba inayounganisha kuta mbili za boksi. Karatasi ya kawaida, isiyo na vanishi: gundi nyeupe ya PVA inatosha, mradi ibanwe mpaka ishike. Inahitaji maji yake yanyonywe, kwa hiyo angalau uso mmoja uwe unakunywa. Kumbuka ulimi ukiingia ndani, uso wake wa nje ndio unaokutana na tumbo la boksi. Kwa hiyo mwambie mchapaji auache ulimi mtupu, bila wino wala vanishi. Ni bure, na inaokoa kuliko gundi yoyote ya bei mbaya.

Kama vanishi haikwepeki, tumia gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwa takribani nyuzi 160 hadi 180. Inashika kwa sekunde chache, lakini uifunge mara moja. Ikipoa kabla hujabana, umepoteza. Nta ni mtihani hata kwake.

Hatua ya 4: Rarua

Acha ikauke, kisha vuta. Nyuzi zikichanika, gundi imeshinda karatasi. Nyuso zikiachana safi, rudi hatua ya 1. Kwenye mawimbi, paka ayodini ya duka la dawa: mistari ya wanga itageuka bluu nyeusi, na mapengo yote utayaona. Jaribu pia kipande kisichopakwa gundi, maana karatasi nyingine huja na wanga wake toka kiwandani.

MASWALI

*Shikamoo mkuu. Niko Njombe. Asubuhi gundi nyeupe inakauka kama chaki na ulimi unaachia, mchana iko sawa.*
Marahaba. Hiyo ni baridi. PVA ikikauka kwenye baridi iliyo chini ya joto inalohitaji haifanyi utando, inabaki unga mweupe. Weka ndoo na karatasi mahali pa joto usiku, au tafuta aina ya kuhimili baridi.

*Fundi, maboksi yetu ya maua yanalegea chumba cha baridi. Tuhamie gundi ya moto?*
Angalia kwanza panapoachia. Kama ni kwenye mawimbi, gundi ya ulimi haitakusaidia. Wanga wa kawaida ukipata unyevu hulainika tena. Omba uliotiwa resini ya kuzuia maji. Na ujue karatasi yenyewe hulegea kwa unyevu, huenda ukahitaji krafti nzito zaidi.

*Bodi zinapinda zikitoka mashineni, kaka.*
Zinapinda kuelekea upande uliokuwa na maji mengi, kwa sababu ukikauka hujikunja zaidi. Punguza gundi upande huo, au upashe moto zaidi.

*PVA naweza kuizimua na maji ili iende mbali?*
Kidogo, kama muuzaji ameruhusu. Kwenye karatasi ya makaratasi chakavu usithubutu. Paka mstari mwembamba zaidi, utaokoa vile vile.