Kusoma mwelekeo wa mkono kutoka kwenye spaiki za seli za ubongo, hatua kwa hatua kwa Python

Juzi nimekaa na binti mmoja anasoma fizikia chuoni, kapewa kazi ya kugeuza umeme wa seli za ubongo kuwa mwelekeo wa mkono, na programu yake ilikuwa inamwambia mkono unapanda wakati unashuka. Tumeimaliza, naiweka hapa maana najua kuna wengi watakwama palepale.

Chimbuko lake ni mwaka 1982, Apostolos Georgopoulos na wenzake walirekodi seli moja moja kwenye sehemu ya ubongo wa kima inayoendesha mkono, kima akisogeza mkono pande 8 tofauti. Seli 241 kati ya 323 walizozichunguza kwa kina zilikuwa na mpangilio: kila moja ina upande wake inaoupenda, mkono ukielekea huko inafyatua spaiki nyingi (spaiki ni mshtuko mfupi wa umeme wa seli), ukienda mbali na huko inapungua taratibu. Spaiki zenyewe hazitofautiani sana kwa ukubwa, kila moja ni mshtuko wa kama milisekunde 1 basi, kwahiyo habari usiitafute kwenye ukubwa, itafute kwenye wingi na wakati.

Hatua ya 1. Fungua Colab (ukurasa wa Google wa kuandikia Python kwenye kivinjari), ita numpy, maktaba ya hesabu, kwa jina np. Basi. Tafadhali usianze na deep learning (mitandao mikubwa inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data), utapata majibu mazuri bila kujua seli zako zinasema nini, na kwa somo hili kujua zinasema nini ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 2. Tengeneza seli.

`kasi = msingi + kimo * np.cos(mwelekeo - pendeleo)`

Msingi ni kasi ya wastani ya kufyatua, weka 20, kimo ni kiasi inachopanda au kushuka kutoka hapo, weka 15, zote ni spaiki kwa sekunde. Pendeleo ni upande ambao seli inaupenda. Pembe kwenye programu ziwe radiani, hapa naziandika kwa digrii: 0 ni kulia, 90 ni juu.

Sasa chukua seli inayopenda digrii 90. Mkono ukienda digrii 30 inatoa 27.5. Mkono ukienda digrii 150 inatoa 27.5 vilevile! Yaani ukiwa na seli hiyo peke yake huwezi kujua mkono umeenda kulia au kushoto, hata urekodi mwaka mzima. Ongeza seli ya pili inayopenda digrii 0: kwa 30 inatoa 33, kwa 150 inatoa 7. Utata umeisha. Ndiyo maana tunaongelea makundi.

Hatua ya 3. Weka kelele.

`spaiki = np.random.poisson(kasi * 0.2)`

Poisson inabahatisha idadi ya spaiki kuzunguka wastani unaoipa, na hiyo 0.2 ni dirisha la muda, kwa sekunde. Kwa kasi ya 27.5 unategemea spaiki 5.5, lakini mara moja utapata 3, mara nyingine 8, na 8 ukiigeuza inakuwa 40 kwa sekunde ambayo seli hiyo kwa wastani haifikii hata mkono ukielekezwa upande inaoupenda. Ni kawaida, acha hivyohivyo.

Hatua ya 4. Vekta ya kundi, yaani mshale mmoja unaojumlisha seli zote. Hapa soma polepole.

Wazo ni kwamba kila seli inavuta kamba kuelekea upande wake, nguvu yake ni kasi yake ya kufyatua, unajumlisha mivuto yote unapata mwelekeo. Shida ni kwamba seli inavuta hata ikiwa imetulia, kwa sababu ya ule msingi. Kama pendeleo za seli zimesambaa sawasawa kwenye duara misingi inafutana na hutaona tatizo lolote, ndiyo maana mifano mingi ya darasani inaenda vizuri alafu data halisi inakugomea.

Jaribu hii kwa mkono, karatasi na kalamu, bila kelele. Seli 5: moja inapenda 0, moja 180, tatu zinapenda 90. Mkono unashuka, digrii 270. Zile mbili za pembeni zinatoa 20 kila moja, zinafutana. Zile tatu za juu zinatoa 5 kila moja, jumla 15, kuelekea juu. Vekta inasema digrii 90, kinyume kabisa! Toa msingi kwanza: kila moja ya zile tatu inakuwa -15, jumla -45, inaelekea chini, sahihi.

Uzito (yaani kasi uliyopima, spaiki / 0.2, ukitoa msingi) ukiwa hasi usiogope wala usiukate kuwa sifuri. Seli iliyonyamaza chini ya msingi wake inakuambia kitu, inakuambia mkono umeenda mbali na upande wangu. Ukikata hasi kwenye mfano huu vekta nzima inakuwa sifuri, na `np.arctan2`, inayogeuza vekta kuwa pembe, ikipewa sifuri mbili haikupi onyo, inakurudishia 0, wewe unadhani ni jibu.

Bado. Hata baada ya kutoa msingi, seli hizohizo 5 na mkono ukiwa 315 zitakupa kama 304, kwa sababu upande wa juu-chini una wavutaji wengi kuliko kulia-kushoto. Dawa ni least squares, yaani kutafuta vekta inayolingana na uzito wa seli zote kwa kosa dogo kabisa, watafiti Emilio Salinas na Larry Abbott waliandika kuhusu njia ya namna hii mwaka 1994:

`v = np.linalg.lstsq(D, uzito, rcond=None)[0]`

D ina mstari mmoja kwa kila seli, kosaini (cos) na saini (sin) ya pendeleo lake. Mimi siku hizi naanza na hii moja kwa moja. Na ukigeuza v kuwa pembe, kwenye `arctan2` y inatangulia x.

Hatua ya 5. Pima kosa kwa pembe ya duara, 359 na 1 zimepishana digrii 2 tu.

Hatua ya 6. Ongeza seli. Weka 10, 40, 160, ukiongeza mara nne kosa linapungua kama nusu. Ila hiyo ni kwa sababu kelele za Poisson tulizoweka hazihusiani kati ya seli na seli. Kwenye ubongo seli jirani zinapanda na kushuka pamoja kidogo, na watafiti Zohary, Shadlen na Newsome walionyesha mwaka 1994 kwamba kwa uhusiano mdogo tu wa kama 0.12 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kwenda pamoja kabisa) faida ya kuongeza seli inaanza kugota kwenye 50 mpaka 100. Kuiona mwenyewe, kwa kila jaribio chukua namba moja ya bahati nasibu iliyo karibu na 1, zidisha kasi za seli zinazopendelea upande mmoja kwa namba hiyo kabla ya kuita poisson, alafu chora grafu upya.