Flaiwili nyepesi: usikimbilie ile nyepesi kabisa

Flaiwili ni ile sahani nzito ya duara inayofungwa nyuma ya krenki (shafti ya injini inayozunguka), klachi inasugua juu yake. Mimi nilinunua ya alumini, kilo tatu na kitu hivi, nikaifunga kwa Impreza yangu nikajiona dereva wa Safari Rally. Wiki hiyo hiyo nikakwama nyuma ya foleni ya trela pale Salgaa nikipanda Mau Summit, trela inasonga hatua mbili inasimama, mimi nikiachilia klachi gari inazima, nikikanyaga mafuta klachi inanuka kama kiatu kimeanguka kwa jiko la makaa. Kwa hivyo kabla utume pesa jiulize gari ni ya mashindano ama ni ya kukupeleka Kisumu na kurudi.

Kwanza jua hii kitu haiongezi hospawa. Flaiwili inaweka akiba ya nguvu ya mzunguko injini isitetemeke wala kuzima ukianza kusonga, sasa ikiwa nyepesi injini inapanda revu (mizunguko kwa dakika) haraka na kushuka haraka, utaskia tofauti gia ya kwanza na ya pili, ukifika ya nne ya tano ni kama hakuna kitu umebadilisha.

Halafu usidanganywe na kilo peke yake, angalia hizo kilo zimetolewa wapi. Kilo moja iliyo sentimita 14 kutoka katikati ina uzito wa mzunguko (ugumu wa kuizungusha) mara nne ya ile iko sentimita 7. Igeuze uone mgongo, kama imenyolewa pembeni na kuachwa nene katikati hapo kuna akili, lakini kama wametoboa tu mashimo karibu na bolti umelipia mashimo. Ya zamani ikitoka ipeleke kwa mama wa viazi akupimie na mizani yake (atacheka, lakini atapima), ndio ujue unatoka wapi. Kwa gari ya barabara mimi nachukua iliyopungua robo hadi theluthi ya uzito wa ile ya kiwanda, si zaidi, na iwe chuma ya kromoli (chuma ngumu iliyochanganywa kromiamu na molibdenamu). Alumini ni sawa kwa resi, ila lazima iwe na sahani ya chuma pale klachi inasugua.

Na tafadhali usikubali fundi akuchongee ile ya kiwanda kwa leth (mashine ya kuchonga chuma) mpaka iwe nyembamba. Nyingi ni chuma ya kumimina, ikipasuka kwa revu elfu saba vipande vinatoboa giaboksi na pengine miguu yako. Tafuta yenye muhuri wa SFI 1.1, kiwango cha usalama cha vifaa vya mashindano.

Kabla ya kulipa hesabu mashimo ya bolti za kufungia kwa krenki. Injini za Subaru EJ ni bolti nane, injini za 4G63 za Mitsubishi kuna za sita na za saba na hazibadilishani. Linganisha pia saizi ya klachi, meno ya stata, na kama sensa ya gari yako inasoma meno ya flaiwili hakikisha hayo ya sensa yapo. Gari zingine zikiwekwa nyepesi sana taa ya injini inawaka ikidai injini inamisi (silinda inakosa kuwaka) na haina shida yoyote.

Giaboksi ikiwa chini badilisha sili ya nyuma ya krenki na rilizi beringi (ile inasukuma klachi ukikanyaga) hapo hapo, weka bolti mpya, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kulingana na kitabu cha gari, si kwa mkono wa fundi. Klachi mpya ipe kilomita 800 za mjini bila fujo. Za haiwei usihesabu, huko klachi haikanyagwi.