Meno bandia ya kuvaa na kuvua: ninavyoyatumia

Yangu ni magego matatu ya chini kwenye ufizi wa plastiki, na vikulabu viwili vya chuma vinavyoshika meno yangu ya asili. Yaloweshe kwanza, yaelekeze mahali pake, kisha yasukume kwa vidole pande zote mbili. Usiyang'ate ili yaingie, vikulabu hupinda.

Mwanzoni mate yatajaa na "s" itapiga mluzi. Soma kwa sauti, hata gazeti kuukuu. Kula vitu laini, ukitafuna pande zote.

Yakichubua ufizi, usishike tupa kuyapunguza mwenyewe (najua inavyoshawishi!). Rudi kwa daktari, nawe uyavae saa kadhaa kabla ya kumwona, ili aone hasa panapouma.

Usiku yavue, fizi zipumzike. Yasugue kwa brashi laini na sabuni juu ya beseni lenye maji, yasije yakaponyoka yakavunjika, kisha yalaze kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda, dawa ya meno huyakwaruza. Yale meno ya asili yanayoshikwa na vikulabu ndiyo ya kupigwa mswaki kwa bidii zaidi: mabaki ya chakula hujificha hapo, na meno hayo yakioza, yale ya bandia yatakosa pa kujishikiza.