Kumsaidia Mzazi Mzee Kuamua Kuhusu Matibabu ya Saratani

Kabla ya kuzungumzia dawa, muulize mzazi wako angependa kuelezwa kiasi gani kuhusu ugonjwa wake, na ni jambo gani hasa asingekubali kulipoteza: kutembea bila msaada, utulivu wa akili, au muda wa kukaa na wajukuu. Uamuzi ni wake maadamu anaelewa anachoelezwa, hata kama watoto wana maoni tofauti.

Mnapokwenda kwa daktari, chukua orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba, kwa sababu baadhi yake huingiliana na dawa za saratani. Ulizeni waziwazi kama matibabu yanakusudia kuponya, kurefusha maisha au kupunguza makali ya dalili, kwani familia nyingi huyachanganya mambo haya matatu. Umri peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumnyima mtu matibabu: mwenye miaka 80 ambaye moyo na figo zake ni imara anaweza kuyahimili kuliko mwenye miaka 65 aliyedhoofika, hivyo ombeni apimwe nguvu, lishe, kumbukumbu na uwezo wa kujihudumia kabla ya kuanza.

Andika majibu, kisha mpe siku chache za kutafakari ikiwa daktari haoni hatari ya kusubiri. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, inaweza kutolewa sambamba na matibabu mengine; si dalili ya kukata tamaa. Akikataa matibabu, msikilize kwanza, wala usimshurutishe kwa machozi. Mwombe pia, angali na nguvu, amtaje mtu wa kumsemea iwapo atashindwa kujieleza.