Mkaguzi wa hataza kakataa retaina yako ya sili? Jibu hivi

Jamani, kama umebuni retaina ya sili ya shafti ya pampu (kikombe kinachobeba pete ya sili, na sili ndo inayozuia pampu isivuje kwenye shafti), ukapeleka ombi la hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi), alafu imerudi barua ya mkaguzi inasema dai la 1 si jipya na madai yaliyobaki hayana hatua ya kiuvumbuzi (madai ni sentensi zinazosema unachotaka kilindwe, na kukosa hatua ya kiuvumbuzi maana yake fundi wa kawaida angefika hapo kutokana na vilivyopo), tulia kwanza. Barua ya kwanza ya namna hiyo ni kitu cha kawaida sana, wengi wenye hataza mkononi leo waliipata, kwa hiyo usiijibu siku hiyohiyo ukiwa umekasirika. Ila tarehe iangalie siku hiyohiyo. Marekani kwa kawaida unapewa miezi 3 kujibu na unaweza kulipia nyongeza mpaka mwezi wa 6, ukipita hapo ombi linahesabika umelitelekeza. Ofisi ya Hataza ya Ulaya mara nyingi inatoa miezi 4. Andika tarehe ukutani, alafu rudi kwenye barua.

Kitu kikubwa cha kuelewa ni kwamba mkaguzi hana retaina yako mezani, hajaigusa, hajaisikia inavyolia "tak" pete inapoingia. Anachokagua ni sentensi zako za madai, tena anazisoma kwa upana wote ambao maneno yanaruhusu. Wewe ukiandika "retaina" kichwani unaona kile kikombe chako cha stenlesi, yeye anaona kitu chochote cha mviringo kinachoshika kitu kingine. Hapo ndo ugomvi wote ulipo, na ndo maana watu wenye uvumbuzi mzuri kabisa wanakataliwa huku wakijua moyoni kwamba chao ni tofauti. Ni tofauti kweli, lakini sentensi haijasema.

Nitumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mana bila mfano haya mambo yanabaki hewani.

Sili ina pete mbili zinazosuguana uso kwa uso, moja imesimama kwenye bodi ya pampu na nyingine inazunguka na shafti. Hii inayozunguka, mara nyingi ya kaboni, inakaa ndani ya retaina, nyuma yake kuna springi inayoisukuma mbele. Retaina ina kazi mbili, kuibeba springi na kuizungusha pete bila kuibana, kwa sababu pete lazima iwe huru kusogea mbele na nyuma kidogo kufuata shafti inayocheza na uso unaolika. Tatizo ambalo kila fundi analijua: kabla sili haijafungwa kwenye pampu, springi haina cha kuizuia, inasukuma pete itoke, pete inaanguka chini na kaboni inamegeka ukingo. Pete imeharibika hata kabla ya kuona maji.

Sasa mvumbuzi wetu amekata ndimi nne kwenye ukuta wa retaina, amezikunja kwa ndani, pete ikisukumwa ndani ndimi zinapanuka, alafu zinarudi mbele ya bega dogo la pete. Springi haiwezi kuitoa tena. Alafu kuna kitu cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndo uvumbuzi wenyewe: sili ikishafungwa na springi ikabanwa hadi urefu wake wa kazi, ncha za ndimi zinaachana na bega, hazigusi kabisa. Hii si urembo. Nyuso za sili zinasagwa kuwa bapa kiasi kwamba zinapimwa kwa mistari ya mwanga, na mstari mmoja wa mwanga wa heliamu ni kama mikroni 0.29 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ulimi wa chuma ukiendelea kuikandamiza pete upande mmoja, uso unapinda kuliko hapo na sili inavuja.

Alichoandika kwenye dai la 1 ni hiki: "Retaina ya sili, yenye mwili wa mviringo unaozunguka pete ya msuguano, na sehemu ya kushikilia inayozuia pete hiyo isitoke." Basi. Umeona ndimi hapo? Umeona ule mwachano? Hamna.

Mkaguzi kaleta nyaraka mbili za zamani kuonyesha kitu hicho kilishakuwepo, kaziita D1 na D2. D1 ni kikombe cha bati chenye vibonyeo vinavyoingia kwenye mifereji ya pete ili kuizungusha, na mifereji imezibwa upande wa mbele kwa hiyo kibonyeo hichohicho kinazuia pete isitoke. D2 ni sili ya katriji, yani inayokuja imeshaunganishwa, ina slivu (mrija) nene yenye mfereji wa kuweka saklipu (klipu ya duara) mbele ya pete. Kwa dai lilivyoandikwa D1 peke yake inatosha kuliua, mwili wa mviringo upo, sehemu ya kushikilia ipo. Mkaguzi yuko sahihi. Inauma lakini usipoteze kurasa tatu kubishana naye hapo.

Cha kufanya, chukua karatasi kubwa, upande wa kushoto andika dai lako neno kwa neno ukilikatakata kila sehemu mstari wake, upande wa kulia fungua D1 yenyewe, siyo muhtasari, nyaraka nzima pamoja na michoro, na kwa kila mstari jiulize iko wapi, aya ya ngapi, namba gani kwenye mchoro. Usikubali tu alichosema mkaguzi na usikatae tu. Nenda kaone. Mara nyingine utakuta mkaguzi kasema "mchoro wa 3 unaonyesha nafasi kati ya pete na retaina" na ukiangalia ni mistari miwili imeachana nusu milimita kwenye karatasi na maandishi hayasemi lolote. Michoro ya hataza kwa kawaida haichorwi kwa vipimo kamili, kwa hiyo kupima nafasi kwa rula kwenye mchoro ambao haukusema umefuata vipimo ni hoja dhaifu na una haki ya kuipinga. Ila umbo likionekana wazi kwenye mchoro, hilo linahesabika dhidi yako hata kama maandishi yamenyamaza.

Ukimaliza karatasi hiyo utajua ni mistari ipi D1 haina. Kwa mfano wetu ni miwili: ndimi zinazonyumbulika zilizokatwa kwenye ukuta wenyewe, na mwachano springi ikiwa kwenye urefu wa kazi. Hizo ndo silaha zako.

Kabla hujaandika upya, amua dai ni la retaina peke yake au la sili nzima iliyounganishwa. Watu wengi wanapita hapa bila kuona. Ukidai retaina peke yake alafu ukasema "ndimi hazigusi bega la pete", mkaguzi anaweza kukwambia pete si sehemu ya dai, mimi nikichukua kikombe chochote chenye ndimi nikaweka pete ndogo zaidi haitagusa, kwa hiyo maneno hayo hayakuongezei kitu. Na ana hoja. Ukidai mkusanyiko mzima, yani retaina pamoja na pete yenye bega pamoja na springi, uhusiano kati yao unakuwa sehemu ya dai na unapata nguvu. Lakini kuna gharama yake, mshindani anayeuza retaina tupu kama spea inakuwa kazi zaidi kumkamata moja kwa moja kwa dai la mkusanyiko. Mimi ningeweka madai huru mawili, yani yanayosimama yenyewe bila kutegemea dai lingine, la mkusanyiko liwe ndo la kupigania, na la retaina peke yake liandikwe kwa umbo tupu: unene wa ukuta, ndimi zimekatwaje, zimekunjwa kuelekea wapi, ncha iko mbele au nyuma ya meno ya kuzungushia pete.

Na hapo hapo, punguza maneno ya kazi ongeza maneno ya umbo. "Iliyoundwa ili kuzuia" ni maneno mepesi, mkaguzi akikuta kitu cha zamani chenye uwezo wa kufanya kazi hiyo anakwambia tayari kipo, hata kama mwenyewe hakuwahi kukitumia hivyo. "Ulimi uliokatwa pande tatu kwenye ukuta na kubaki umeungana na ukuta upande wa nne" hauwezi kuwa kibonyeo hata mtu asome vipi.

Dai jipya likawa hivi: "Mkusanyiko wa sili unaojumuisha retaina ya bati yenye ukuta wa mviringo, pete ya msuguano iliyo ndani ya ukuta huo na yenye bega linaloangalia mbele, na springi kati ya retaina na pete, ambapo ukuta una ndimi angalau tatu zilizokatwa kutoka kwenye ukuta wenyewe na kukunjwa kwa ndani, ndimi hizo zikilizuia bega springi inapokuwa huru, na ncha za ndimi zikiwa zimeachana na bega springi inapokuwa imebanwa hadi urefu wa kufanyia kazi." Refu, lakini kila kipande kina kazi.

Umeona nimeandika "angalau tatu" wakati yeye alikata nne? Hiyo inaruhusiwa tu kama maelezo ya mwanzo yalisema tatu au zaidi. Sheria hii haina huruma popote: huwezi kuongeza kwenye madai kitu ambacho hakikuwepo kwenye ombi siku ulipoliwasilisha. Ulaya ni wakali zaidi, Kifungu cha 123(2) cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, na hata kunyofoa kipande kimoja kutoka kwenye mfano uliokuwa umeeleza vipande vitano vinavyofanya kazi pamoja wanaweza kukikataa. Niliwahi kukaa na ombi moja la retaina ambalo mwachano ulikuwepo kwenye sampuli, ulikuwepo kwenye michoro ya karakana, mvumbuzi aliujua kama jina lake, lakini kwenye maelezo hakuna sentensi hata moja inayoutaja. Tulitafuta aya kwa aya siku nzima. Tukabaki na dai jembamba la umbo la ndimi tu na kile kitu cha thamani kikaachwa nje. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa hiyo wewe ambaye bado hujawasilisha, andika kila kitu: idadi kuanzia ngapi hadi ngapi, mwachano kuanzia milimita ngapi hadi ngapi na kwa nini, kama ulimi unaweza kuwa kipande tofauti kilichochomelewa, kama bega linaweza kuwa mfereji. Maneno ya akiba hayana hasara.

Sasa hatua ya kiuvumbuzi. Baada ya dai jipya mkaguzi atasema sawa, D1 peke yake haitoshi, lakini fundi mwenye ujuzi wa kawaida angechukua D1 akabadilisha vibonyeo kwa saklipu ya D2. Kosa ambalo watu wanarukia ni kusema "saklipu ya D2 haiingii kwenye bati jembamba la D1". Usianzie hapo, hasa Marekani, kwa sababu swali halijawahi kuwa kama vipuri vinaingiliana, swali ni nyaraka zote kwa pamoja zingemfundisha nini fundi huyo. Tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007 katika Mahakama Kuu ya Marekani, mkaguzi wa Marekani hahitaji hata maandishi yanayosema "unganisha hivi", lakini bado lazima atoe sababu inayoeleweka ya kuunganisha.

Anza na hoja rahisi na ngumu kupinga: hata ukiziunganisha hupati dai. Unapata kikombe chenye mfereji na saklipu, siyo ndimi zilizokatwa kwenye ukuta, na saklipu haisemi chochote kuhusu kuachana na bega kwenye urefu wa kazi. Alafu ya pili, kwenye D1 kibonyeo kinafanya kazi mbili, kuzungusha na kuzuia, na D1 yenyewe inaeleza hiyo kama faida yake, sasa fundi ang'oe vibonyeo apoteze kuzungusha ili apate nini? Ya tatu, vibonyeo vya D1 vinabonyezwa baada ya pete kuwa ndani, kwa hiyo pete ikilika unatupa kikombe chote, wakati ndimi zinaruhusu pete kuingia na kutoka bila kuharibu bati. Ulaya hii ya tatu ipange kama wanavyopenda wao: nyaraka ya karibu zaidi ni D1, tofauti ni hizi, matokeo ya tofauti ni haya, kwa hiyo tatizo lililotatuliwa ni jinsi ya kuishika pete kabla ya kufungwa huku ikiweza kubadilishwa na isipindwe uso wakati wa kazi. Kama una vipimo vya ubapa wa uso, vya retaina inayogusa na isiyogusa, viambatishe. Namba zilizopimwa vizuri zinazungumza kuliko vivumishi.

Omba kuongea na mkaguzi kwa simu au video, hasa Marekani ambako wamezoea kabisa. Mtumie dai la rasimu kabla, mwonyeshe mchoro mmoja wa springi ikiwa huru na mmoja ikiwa imebanwa, kando kwa kando. Nusu saa hiyo inaokoa barua mbili. Uwe mpole, usimwambie hajaelewa, mwambie dai la kwanza halikueleza vizuri, na muulize ni neno gani linamsumbua.

Siku ya kutuma jibu, weka toleo la madai lenye alama za ulichofuta na ulichoongeza, taja kila nyongeza imetoka aya gani na mchoro upi, na soma madai tegemezi yote (yale yanayojengwa juu ya dai lingine) mana ukishaweka "angalau tatu" juu, dai la 4 linalosema "ndimi mbili" limekuwa upuuzi. Neno nalo liwe moja tu mwanzo hadi mwisho, kama ni ulimi iwe ulimi, ukiita "kishikio" kwenye dai la 6 utaletewa barua nyingine ya kusema dai halieleweki kwa sababu ya neno hilo moja.