Somo: Kudhibiti logi za PostgreSQL bila kuielemea seva

Naandika somo hili mara moja tu, kwa kuwa nimechoka kuulizwa kila wiki kwa nini diski ya seva ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) imejaa logi, yaani faili za kumbukumbu za matukio.

1. Washa logging_collector (mpangilio unaokusanya logi kwenye faili), kisha uwashe seva upya.

2. Usiweke log_statement kuwa all (yaani kuandika kila hoja, ombi linalotumwa kwa hifadhidata) kwenye seva yenye kazi nyingi. Weka log_min_duration_statement kuwa 1000 (milisekunde), ili ziandikwe tu hoja zinazochukua sekunde moja au zaidi.

3. Weka log_filename kuwa postgresql-%a.log (%a ni jina la siku ya wiki), log_truncate_on_rotation kuwa on, log_rotation_age kuwa 1d na log_rotation_size kuwa 0. Utabaki na faili saba, na ya Jumatatu itafuta ya Jumatatu iliyopita.

4. Usifute chochote ndani ya pg_wal (saraka ya kumbukumbu za miamala). Hapa ndipo nilipoungua. Usiku mmoja diski ilijaa pomoni, nikakuta humo mamia ya faili za megabaiti 16 kila moja, nikazidhania kuwa logi za kawaida na kuzifuta kwa rm. Seva ilipozima haikuwaka tena, tukalazimika kurejesha nakala ya jana yake, na kazi ya siku nzima ikapotea. Faili hizo hubeba miamala ambayo huenda bado haijafika kwenye faili za data. Hadi toleo la 9.6 saraka hiyo iliitwa pg_xlog, na kwa kuwa jina hilo liliwaponza wengi, lilibadilishwa katika toleo la 10 mwaka 2017. Ikivimba, tazama kwanza pg_replication_slots, orodha ya sloti (alama za mahali seva nakala zilipofikia kusoma faili hizo): sloti iliyoachwa na seva nakala iliyokwisha kuondolewa huzuia faili za zamani zisisafishwe.

MASWALI

— Mkuu, diski imejaa, nifute nini?
Soma hatua ya 4.

— Mimi natumia all na sijaona tatizo lolote.
Subiri watumiaji waongezeke.

— Nimefuta logi kubwa ya kawaida, lakini amri ya df haionyeshi nafasi yoyote iliyopatikana. Kwa nini?
Umeuliza vyema. Jina la faili limeondoka, lakini mchakato wa kukusanya logi bado umeishikilia, hivyo nafasi haijaachiliwa. Iangalie kwa lsof +L1 (huorodhesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikiliwa), kisha endesha SELECT pg_rotate_logfile() ili ya zamani ifungwe.

— Je, sloti inaweza kuwekewa kikomo?
Ndiyo, kuanzia toleo la 13, kwa max_slot_wal_keep_size. Chaguo-msingi ni -1, yaani hakuna kikomo. Ukikiweka, seva nakala itakayochelewa kupita kiasi hicho huenda ikabidi ijengwe upya, kwa hiyo pima kwanza miamala ya siku moja hujaza kiasi gani. Pia elekeza log_directory kwenye diski nyingine, ili logi zikifurika zisiizibe pg_wal.