Kutengeneza jarida la mashabiki wa Doctor Who: anza na karatasi tupu

Kabla hujaandika makala hata moja kuhusu Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC ya Daktari anayesafiri katika wakati na angani, chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, kisha uandike namba kila ukurasa kuanzia jalada la mbele. Utapata kurasa 24 za A5. Sasa zifungue. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 24 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 23 upande wa pili. Ile ya katikati kabisa ina 12 na 13. Namba mbili zilizo pamoja hutoa jumla ya 25 kila mara. Jozi ikitoa 24 au 26, umekosea mahali. Kijitabu hicho kitupu ndicho ramani yenu mpaka siku ya kuchapa.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Makala ikizidi kwa aya mbili, ifupishe, maana ukurasa mmoja wa ziada huja na wenzake watatu, na lazima zijazwe zote. Ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa 11 hubeba maneno 300 hadi 350 bila picha. Mpe kila mwandishi kipimo hicho mapema.

Kuhusu yaliyomo, andikeni ukurasa mmoja wa kanuni za lugha. Je, maadui wa Daktari ni Dalek wawili au Madalek wawili? TARDIS, chombo anachosafiria Daktari, inabaki hivyo? Chagueni mara moja, mshikilie hapo. Kosa linalochefua mashabiki wa zamani ni kuchanganya kisa na kipindi. Katika mfululizo wa kwanza, kuanzia tarehe 23 Novemba 1963 hadi 1989, kisa kimoja kwa kawaida kiligawanywa katika vipindi kadhaa vya dakika 25 hivi. Tangu 2005, kipindi kimoja cha dakika 45 mara nyingi ndicho kisa kizima. Kwa hiyo kila uhakiki ubebe jina la kisa, mwaka, na ni Daktari wa ngapi, maana waigizaji tofauti hupokezana nafasi hiyo.

Msinakili muhtasari wa vipindi, kwa kuwa msomaji ameshauona kwenye simu. Tafuteni kinachotuhusu huku Afrika. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, lakini nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa nchi za nje, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. Ncuti Gatwa, Daktari wa 15, alizaliwa Rwanda. Mwaka 2025 kilionyeshwa kisa kizima kinachotukia kwenye kinyozi cha Lagos. Hizo ni makala tatu tayari, na shabiki wa Kondele au Bondeni atazisoma mpaka nukta ya mwisho.

Picha za kipindi zina wenyewe, choreni zenu. Tumieni kalamu nyeusi, kwa sababu penseli hufifia kwenye fotokopi. Hapa ndipo wachoraji wengi huumia: TARDIS ikielea angani, mandhari yote yamepakwa wino mweusi. Mashine haiwezi weusi mpana namna hiyo. Hutoa mabaka ya kijivu na michirizi, na upande wa pili wa karatasi ya gramu 80 kivuli huonekana kupitia maandishi. Anga ijazwe kwa nukta au mistari iliyobanana, nyota ziachwe nyeupe.

Acha pambizo la milimita 10 pande zote, kwani mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni. Hifadhi kazi kama PDF kabla ya kuipeleka saiba. Ukipeleka faili ya kuandikia, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine na kurasa 24 zitakuwa 26. Kwenye kuchapa, chagua mpangilio wa kijitabu, pande mbili, kugeuza kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, ukurasa wa 2 utatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, ilinganishe na ramani, ndipo uagize zilizobaki.

Kwa nakala 50 unahitaji karatasi 250 za ndani, yaani nusu ya rimu, na 50 za gramu 160 kwa jalada. Chukua ziada kumi. Kisumu wakati wa masika, rimu iliyokaa wazi hufyonza unyevu, karatasi hujikunja na kukwama hasa zikirudi kuchapwa upande wa pili. Fungua rimu mpya palepale.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue mdomo, laza jarida juu ya soli ya slipa kuukuu, jalada likitazama juu, bonyeza pini mbili kwenye mkunjo, kila moja sentimita 5 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Geuza, laza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Kabla ya kupiga pini, kunja jalada kwanza peke yake ukifuata rula, la sivyo karatasi nene hupasuka mkunjoni. Kurasa za katikati zitajitokeza kidogo. Kata ukingo huo kwa wembe na rula ya chuma, nakala moja moja, kisha lundika zote chini ya vitabu vizito usiku kucha.